Kitabu Kilichofunuliwa Uso Bila Mjomba

Asanbai, Nyumba 14,
Bishkek.
3 Septemba 2024

Kwako Mjomba Asankul mpendwa,

Nakuandikia kukuomba radhi kwa ajili ya kitabu, na kukuomba ruhusa ya kuliweka jina lako kwenye jalada lake. Nimeyatanguliza haya mawili mbele ya salamu, nisije nikajificha nyuma ya adabu kama nilivyozoea.

Shikamoo, Mjomba. Magoti yanaendeleaje? Mjukuu wako Nurperi aliniarifu kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nawe bado unapanda kwa miguu hadi orofa ya nne kwa kuwa huiamini lifti ya jengo lenu huko Krasnoyarsk, Urusi. Tafadhali iamini, walau majira haya ya baridi. Sisi huku tu wazima. Mama ameshuka kutoka malishoni akiwa amenawiri, na yule farasi jike wako mwekundu amezaa dume mwenye doa usoni.

Sasa niingie katika lililo moyoni.

Kama ujuavyo, utafiti wangu ulihusu majina ya malisho ya At-Bashy: kila bonde, kila kijito na kila jiwe lililowahi kupewa jina na wafugaji wetu. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kuuchapisha kwa bei ambayo maktaba ya kijiji isingeimudu hata kwa nakala moja. Nilikataa. Niliupeleka kwa wachapishaji wadogo wa hapa mjini, wanaotoa vitabu vya kitaaluma mtandaoni bila malipo, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kusoma, kunakili na kugawa. Hilo silijutii hata chembe. Ardhi ni ya watu wa At-Bashy. Haingekuwa haki wauziwe majina yake.

Ninalolijutia ni jinsi nilivyokitoa. Kilipowekwa mtandaoni mwezi Aprili, niliwaandikia maprofesa wa miji mitano, lakini sikumpigia simu mtu yeyote wa nyumbani. Nilidhani kitabu cha bure hujitangaza chenyewe. Na kweli kilijitangaza. Kabla ya viazi kupandwa, kijiji kizima kilikuwa nacho simuni.

Mama alipopata habari, alishikilia kwamba kitabu cha mwanawe hakiwezi kuingia duniani bila kufunuliwa uso kama bibi harusi. Nilimweleza kwamba hakuna kitabu cha kushika mkononi. Akasema hiyo ni shida yangu, kondoo ameshachaguliwa. Basi mwezi uliopita wageni wakaja, wengine na kanzu nene za heshima, wengine na mitandio, kila mmoja na zawadi yake ya kuona uso. Nami, mwanao mwenye shahada mbili, niliiweka kompyuta juu ya mto na kuifunika kwa mtandio mweupe.

Mzee Kydyraly ndiye aliyepewa heshima ya kufunua. Alipouondoa mtandio, kioo kilikuwa kimezimika, cheusi kama sufuria. Akakitazama, akanitazama.

"Binti yangu, huyu ni bibi harusi au televisheni mbovu?"

Wakacheka, nami nikahangaika kuiwasha kompyuta. Jirani yetu Tursunai akawaambia wenzake, kwa sauti aliyohakikisha naisikia, "Tunafunuliwa nini tena? Huyu mimi nimemwona tangu Aprili, nikiwa nakamua ng'ombe. Mume wangu amemwona. Hata mkwe wangu kule Osh amemwona."

Hayo ningeyabeba, Mjomba. Watu walikula, walifurahi, na utani wao haukuwa na sumu. Lakini Mzee Kydyraly hakuketi. Aliuliza habari za yule mfugaji anayenukuliwa karibu kila ukurasa, anayeitwa Mtoa Habari wa Kwanza, mwanamume wa miaka sabini na mmoja, ambaye farasi wake alianguka na mzigo wa chumvi kwenye kivuko cha juu.

"Huyo si Asankul?" alisema. "Mimi ndiye niliyemsaidia kumvuta yule farasi. Mbona mmemnyang'anya jina?"

Nikajibu kwamba kanuni za utafiti zinataka wasimulizi wafichwe, kwa usalama wao.

"Wafichwe wasionwe na nani, mwanangu? Na sisi?"

Hakuna aliyecheka. Mama alianza kukusanya vikombe vya kumisi ya maziwa ya farasi, na baadhi vilikuwa bado vimejaa.

Siku ya tatu ukampigia Mama simu. Nilikuwa karibu naye, nikasikia kila neno. Ulisema, "Zuurakan, mwambie mwanao nimejisoma. Nurperi amenisomea. Kumbe siku hizi naitwa Wa Kwanza." Kisha ukamwuliza kuhusu majani makavu ya ng'ombe, kama kawaida yako. Simu ilipokatika, Mama alinigeukia. "Nimekusomesha," akasema, "ili ukamfute kaka yangu?" Tangu siku hiyo anazungumza nami juu ya chai na chumvi tu.

Mjomba, sitaki kujitetea kwako kama nilivyojitetea kwa Mzee Kydyraly. Kanuni ile ipo, lakini ina mlango: msimulizi akikubali, jina lake huandikwa. Ilinibidi nikuulize swali moja tu. Sikukuuliza. Ulinisimulia miaka mitatu mfululizo kwa simu, ukiwa umechoka na kazi, na mara nyingine ukinipigia mwenyewe kwa kuwa umekumbuka kijito fulani. Niliogopa kwamba jina lako likionekana kila ukurasa, maprofesa wangeuliza mimi nimefanya nini. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine. Naandika sentensi hii uso ukiniwaka.

Nilikimbilia kwa wachapishaji nikawasihi wakiondoe. Mhariri, Bwana Emilbek, alinijibu kwa upole kwamba leseni ile haina kurudi nyuma. Kitabu kimeshanakiliwa na maktaba za nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga, na wote wamekichukua kwa haki. Nilikuwa nimejivunia kwamba hakuna atakayeweza kukifungia kabatini. Sasa kosa langu nalo limetolewa bure kwa dunia nzima, na haliwezi kufungiwa.

Kinachowezekana ni toleo la pili. Jina lako litatangulia kwenye jalada, langu lifuate, na ndani, kila palipoandikwa Mtoa Habari wa Kwanza, utakuwepo Asankul mwana wa Beishe. Bwana Emilbek ameliandaa, naye amelizuia. Halitatoka mpaka ukubali mwenyewe. Ukikataa, halitatoka kabisa, na sitamlalamikia mtu.

Sikuombi unijibu kwa simu. Jambo la namna hii mpwa hulifuata kwa miguu yake.

Nisalimie binamu yangu Gulzat na mumewe, na Nurperi umwambie simlaumu kwa kukusomea. Amefanya lililokuwa wajibu wangu. Mama hakuniagiza salamu, ila ameniwekea mfuko wa jibini kavu na kusema ni wako. Mungu akupe afya ya magoti na usingizi mtamu, na akupe subira juu yangu.

Nimekata tikiti ya kuja Krasnoyarsk. Nitagonga mlango wako Jumapili tarehe 22 Septemba, saa nne asubuhi. Ukifungua, nitakusomea kitabu chote kuanzia jalada, uniambie jina lako likae au liondoke. Usipofungua, nitakaa ngazini hadi saa kumi, kisha nitarudi.

Mpwa wako akupendaye na mwenye aibu,
Begimai