Ngazi ya Baba Imepitishwa Kuwa Sanaa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa barua ndefu, maana mbele za watu naishiwa maneno lakini nikishika kalamu sijui kuacha.

Baba yangu anajenga ghorofa la kupangisha, na mjini kwetu kuna sheria kwamba anayejenga jengo kubwa lazima atenge fungu la gharama zake kwa kazi ya sanaa itakayoonekana na kila apitaye barabarani, sheria ambayo mimi naipenda kwa sababu kuta za mtaa wetu hazina kitu ila matangazo ya sumu ya panya, lakini Baba aliposomewa alicheka akasema, "Wanataka usanii? Usanii wataupata," na wewe unajua neno hilo mitaani maana yake ni ulaghai.

Sasa, upande wa barabarani kuna ngazi ya zege ambayo fundi alikosea vipimo, inapanda vizuri kabisa hadi juu ya mlango wa duka halafu inagota ukutani, hakuna mlango wala dirisha, na Baba alitaka kuibomoa, ila akaniita akasema, "Wewe si ndiye unayeshinda na vitabu? Hebu niandikie kwamba hii ni sanaa," nami, mshauri, Baba hajawahi kuniomba kitu zaidi ya kusogeza kiti, kwa hiyo niliandika kwa moyo wote kwamba ngazi hii inamuuliza mpita njia ni nani aliyemwambia kila safari lazima ifike.

Kamati ya sanaa ya mji ikaipitisha. Mwenyekiti alitokwa na machozi. Fundi naye sasa anajiita msanii na amepandisha bei.

Tatizo ni kwamba watoto wa mtaa wanaipanda hadi juu, na haina kizuizi pembeni, na mdogo wangu wa kike, ambaye hajaanza hata shule, hupenda kukaa kipandio cha mwisho akining'iniza miguu, na nilipomwomba Baba aweke vyuma vya kushikilia alisema kamati imekataza kazi iliyopitishwa isiguswe, na fungu la sanaa limeshanunua vigae. Jumamosi ni uzinduzi, nami nimepangwa kusoma maelezo yangu. Nikisema ukweli namwaibisha Baba, ambaye ndiyo kwanza ameanza kujivunia mimi, na nikinyamaza, kila nikitoka shule natazama kwanza kama kuna umati chini ya ngazi. Nifanyeje?

Mpenda Vitabu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na sasa nikugombeze. Ile sentensi ya safari ilinigusa hata mimi, na hapo ndipo kosa lilipo. Umeikopesha ngazi mbovu kipaji chako, na kamati imedanganyika vizuri sana.

Kumpenda baba si kumfunikia makosa. Mtoto akivunjika shingo pale, baba yako ataikumbuka aibu ya Jumamosi kama sherehe.

Usingoje uzinduzi. Leo leo mwambie fundi azibe vipandio vya chini kwa mbao, hazikosekani penye ujenzi. Akijibu kwamba yeye ni msanii, mwambie wasanii nao wana nyundo. Kamati ikilalamika kwamba kazi imeguswa, mwenyekiti aje akae kule juu na mdogo wako, alie vizuri.

Baba aende mwenyewe kwa kamati kabla ya Jumamosi, aseme fundi alikosea. Ngazi ibomolewe, na fungu liende kwa mchoraji wa kweli. Vigae virudishwe dukani. Sijasikia mpangaji aliyekufa kwa kukanyaga saruji. Asipokwenda, wewe husomi kitu. Mkabidhi karatasi asome yeye, mbele ya watoto hao hao.

Na usimwandikie Baba barua. Najua umeshaanza. Ngoja amalize kula, Mama akiwepo, umwambie maneno matatu tu: "Baba, mtoto ataanguka." Akikuuliza unamaanisha nini, yarudie. Usieleze.