Klachi ya Pikipiki ya Baba

Kasulu, Jumanne

Hata fundi ameliona lile kosa la baba. Tangu tuanue matanga hakuna aliyeigusa pikipiki ya baba, kongwe kuliko mimi, na leo nimeisukuma hadi gereji ibadilishwe klachi. Pleti za zamani zimelika, nyeusi tii.

"Dada, mwenye hii alikuwa haachii klachi yote," fundi akasema. "Anaishikilia nusu, njia nzima."

Najua. Nilimgombeza miaka yote. "Baba, unaiunguza klachi!" Alikuwa anacheka tu.

Jioni nikampakia mama turudi nyumbani. Klachi mpya ni kali. Nilipoiachia, pikipiki ikaruka, mama akaguna na kushika kiuno, kile kiuno chake kibovu.

"Buhoro, mwanangu. Polepole. Baba yako hakuwahi kunirusha."

Kumbe ni kiuno hicho tu. Na mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba hajui kuendesha...

Nimeishikilia nusu hadi nyumbani, makorongo yote. Karibu na mlango nikasikia harufu ya kuungua. Klachi ina siku moja, na nimeshaanza kuimaliza.