Vidonge kwenye Mkebe Mmoja

Mama Kendi,

Baridi ya Nairobi ni mchezo tu kwa aliyezoea ya kwetu Githongo. Daktari ameniingiza kwenye utafiti wa dawa mbili za hii saratani ya damu, na anasema waliowahi kuzimeza pamoja ni wachache sana. Kwa vile zinaenda tumbo moja, nilizimwaga zote kwenye mkebe mmoja, kama mahindi na maharagwe ya kupanda. Sista wa wodi akashika kichwa. “Mzee, tusipoweza kuzihesabu kila moja, utatolewa kwenye utafiti.” Tukakaa na sinia, tukachambua nyeupe huku, njano huku. Nilimaliza fungu langu kabla yake, akacheka. Majibu ya damu ya leo ni mazuri kuliko ya mwezi uliopita.

Mbegu za kupanda Oktoba usiziguse. Nitakuja kuzichambua mwenyewe.

Baba Kendi