Matanga niliyochambua maharage bila kulia

Kwako Mama, uliyetutangulia,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo nina habari ya Zawadi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaukumbuka ua wetu wa Murara, wewe kwenye kiti chako kifupi, mimi na ungo mapajani? Maharage ya Masisi yalikuwa yakitufikia na vijiwe vyeusi vya lava, nami nilizigusa punje moja moja. Shangazi alipiga kelele kwamba makaa yataisha kabla sijamaliza. Wewe ukamjibu, "Acha mutoto. Anakawia, lakini chakula yake haina jiwe." Zawadi, mdogo wangu, ulimpeleka soko la Kituku kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa sababu alicheka na kila mteja na kulia na kila mfiwa. "Kila mutu Mungu alimupatia yake," ulituambia. "Mutumikishe ile muko nayo." Mimi niliona yangu ni ndogo mno. Nani amewahi kusifiwa kwa kukawia?

Ulipofariki, Mama, sikulia. Nilitaka, machozi hayakuja. Wanawake walijaa uani, Zawadi akagaagaa chini akikuita, nami nikachukua ungo nikakaa karibu na moto. Siku zote za matanga nilichambua maharage ya wageni. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Ule mukubwa hata chozi haina."

Hayo niliyameza. Ya Zawadi yalinishinda. Siku ya kumaliza matanga alisimama mbele yangu, macho yamevimba: "Yaya, dada yangu, haukumulilia mama. Ulikuwa unapika tu." Kwa miaka miwili hakukanyaga kwangu. Nami, sijui ni kiburi au aibu, sikumfuata. Nilianza kuamini kwamba kweli sikukupenda kama yeye alivyokupenda, na wazo hilo lilinitesa hata kanisani.

Wiki iliyopita mama mkwe wake alifariki. Sikuitwa. Asubuhi nzima nilizunguka nyumbani nikiogopa kufukuzwa mbele za watu, kisha nikachukua ungo wako, ule ulioushonea kitenge ukingoni, nikaenda. Nilimkuta Zawadi kwenye mkeka kati ya wafiwa, sauti imemkauka. Hakuniangalia. Nikapita moja kwa moja hadi jikoni nikaomba maharage.

Watu walipokwisha kula alikuja akachuchumaa kando yangu. Alitazama vidole vyangu kwa muda mrefu.

"Yaya, kwa matanga ya mama watu walikuwa mingi sana."

"Walikuwa mingi."

"Na hakuna hata mumoja aliuma jiwe."

Hapo ndipo nilipokulilia, Mama. Nililia mpaka wanawake wa jikoni wakaacha sufuria zao, wakidhani namlilia marehemu wao. Zawadi alinishika kichwa, akanipangusa kwa kitenge chake, akaniambia maneno yale ya kubembeleza anayoyajua yeye peke yake. Nilipotulia akachukua ungo ili nipumzike, akachambua kwa haraka zake zile zile za utotoni.

Ilibidi nirudie ungo mzima.

Nimekawia kukulilia, lakini nimefika. Pumzika kwa amani.

Ni mimi, mtoto wako mkubwa