Ile Chakula ya Mexico

Baba Zaina,

Ndugu yako Idi alikuja tena jumapili. Anataka tukusomee hitima, tumalize matanga yako, batu batulie. Nilimuambia angojee, niko na maneno ya kumaliza na weye kwanza. Anazani uzee umenianza.

Maneno yenyewe ni ya ile restora. Unakumbuka Mexico, pale Butembo, nyuma ya soko? Mwenye restora alikuwa mupishi wa muzungu mumoja wa kahawa kule Mutwanga, muzungu aliyeishi Mexico zamani. Uhuru ikafika, muzungu akaenda zake, mupishi akabaki na masufuria, akafungua restora na kuandika hiyo jina kwa ukuta na rangi nyekundu. Mutaa muzima ulikuwa unaisemea, lakini hakuna jirani alikuwa amekula mule. Siku ile ulirudi na camion, lori yako ya mizigo, hata koti haukuvua. Ukasema, "Leo hapana pika, Mama Zaina. Leo tunaenda kukula sawa bakubwa."

Nilivaa kitenge ya harusi. Tukakaa kwa meza uso kwa uso, jambo ambalo hata nyumbani hatukufanyaka, nikaona haya, sikujua nitazame wapi. Tulingoja sana. Kisha chakula ikakuja: mahindi na maharagi.

Mimi mutoto wa Masereka, niliyekomaa na mahindi na maharagi, nimevaa kitenge ya harusi kwa kuletewa mahindi na maharagi. Mahindi ilisagwa, ikachomwa bapa sawa chapati, ngumu sawa soli ya kiatu. Maharagi ilikuwa baridi. Pilipili tu njo walijua kuitengeneza.

Kuku ndiyo ilinukia vizuri. Ukauliza mupishi, "Nani alichinja?"

Akafikiri. "Siyui, patron, mukubwa wangu. Niliinunua imeshakufa."

Ukasukuma sahani polepole upande wangu. "Kula weye, dini yako haikatazi." Kweli, mimi mukristo, na ulinioa bila kunivuta kwa dini yako. Ningekula. Lakini nikaisukuma pia, kuku ikabaki katikati yetu inapoa, na mupishi anatuchungulia kwa mulango. Ni pale tulianza kucheka. Ulicheka mupaka ukafuta machozi na mukono wa koti. Nilikupenda sana saa ile, na sikukuambia.

Tulipofika nyumbani nilitaka kuwasha moto. Unajua desturi yetu, sisi bibi za bashofere: mwanaume hashiki njia bila kukula ya chungu cha nyumbani. Na weye asubuhi ulikuwa unapeleka biazi Bunia. Ukanishika mukono. "Acha, umechoka. Nitakula nikirudi. Uniwekee."

Nikakuwekea. Siku zile barebeli balikuwa bameanza kuziba barabara, na sisi tulizani bangali mbali. Batu ya Mbau balikuona ukinunua ndizi kwa njia. Kisha hakuna mutu alikuona tena, weye wala camion.

Tangu pale, kila jioni ninapakua sahani yako, ninaifunika. Zaina alikuwa anauliza. Leo yeye mwenyewe ni mama, haulizi tena. Asubuhi ninamwagia kuku zangu, na zimenenepa kwa jina yako. Idi anasema ninajitesa. Labda. Lakini mwanaume aliondoka bila kukula kwangu, donc ningemusomea hitima namna gani, angali na njaa?

Na niko na hasira bado, nakuambia wazi. Siyo na weye. Na yule mupishi. Kukula kwetu kwa mwisho, na mutu anatuletea maharagi baridi.

Jana nilimuita Idi, nikakubali. Hitima itasomwa ijumaa. Mimi njo nitapika. Kuku atachinja yeye, mbele ya macho yangu, mutu asiniulize kitu. Na pembeni nitaweka mahindi na maharagi, ya moto. Idi akashangaa: "Mahindi na maharagi, siku ya hitima?" Nikamuambia patron njo ameagiza.

Leo jioni nilipakua sahani yako, nikaifunika sawa siku zote. Kisha nikaifunua. Nikakaa kwa kiti yako, nikaikula yote, ingali na moto.

Umekula ya nyumbani sasa, Baba Zaina. Shika njia.

Bibi yako,
Mama Zaina