Mzee Aliyeomba Sindano

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Magu mpunga umeshaingia ndani, na mguu wa mama yako umepona. Unasema mgonjwa asiyepona alikuomba umsaidie kufa, ukatoka wodini ukalia. Sasa unajiuliza kama udaktari unauweza.

Nilipokuwa muuguzi kijana Mwanza, mzee mmoja mfugaji, mwenye saratani, alimwambia daktari wetu, "Mwanangu, nichome sindano nilale moja kwa moja."

"Hiyo siwezi, baba." Daktari akavuta kiti. "Nini kinakuelemea zaidi?"

"Maumivu. Na wanangu wananidanganya nitapona. Nitawagawia ng'ombe lini?"

Daktari akaongeza dawa ya maumivu, akawaita watoto. Mzee akagawa, akamtania kitinda mimba: "Wewe mvivu, chukua yule anayejua njia ya nyumbani." Wodi nzima ikacheka.

Kesho yake mzee aliomba tena. Nilimkuta daktari kwenye sinki, analia, bomba likimwaga maji. Akanawa uso, akarudi kwenye kile kiti.

Siku yangu ikifika, Neema, nitataka daktari kama yule.

Bibi yako anayekukumbuka