Mate ya Mwaitu Kavata: Kikao cha Chama cha Biolojia Kuhusu Virusi

CHAMA CHA BIOLOJIA, SHULE YA HARAMBEE YA KWA NZOMO, KANYANGI

Kumbukumbu za kikao cha Ijumaa, 14 Septemba 1979, saa tisa na nusu alasiri, darasa la Kidato cha Tatu.

Waliohudhuria:
Kiilu – Mwenyekiti
Mbinya – Katibu
Muthoki, Jabiri na wanachama wengine
Mwalimu Mutunga – mlezi wa chama
Mwaitu (yaani Mama) Kavata – mpishi wa shule, mgeni mwalikwa
Bw. Mwangangi – Naibu wa Mwalimu Mkuu, hakualikwa

Hakuhudhuria: Jonah. Alituma udhuru kwamba ana malaria. Alionekana uwanjani akidaka mpira.

KUMB. NA. 1/9/79: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kwa maombi, akasema ajenda ni nyingi lakini neno ni moja. Kesho asubuhi wazee watampeleka Mwaitu Kavata ng'ambo ya mto, boma kwa boma, awatemee kuku mate. Kuku wakifa tena, atafukuzwa kazini na shambani kwake. Bw. Naibu alisema hayo si mambo ya biolojia. Mwenyekiti alimwomba asubiri zamu yake.

Kwa faida ya atakayesoma baadaye, Katibu anaeleza. Mwezi wa Agosti Mwaitu Kavata alipita kwenye ua wa Bw. Naibu akasema, "Kuku wenu wamenona, hata jogoo anatembea kama chifu." Alikuwa amebeba kuni, akaenda zake bila kutema mate. Hapa kwetu anayesifu mnyama wa mwingine hutema kidogo, jicho lisidhuru. Kabla wiki kuisha kuku wa Bw. Naibu walipinda shingo, wakaharisha kijani, wakafa, wakabaki watatu. Bw. Naibu alimtaja Mwaitu Kavata mbele ya wazee. Tangu hapo anazungushwa kila boma kutema, na kila boma analotoka, kuku wanakufa. Sasa anaitwa mchawi na watu wanaokula isyo yake, mahindi na maharagwe, kila siku ya shule.

KUMB. NA. 2/9/79: UTANGULIZI WA VIRUSI

Mwalimu Mutunga alieleza kwamba kirusi si mnyama, si mmea, wala si bakteria. Ni maagizo tu, yamevikwa koti la protini. Hakili, hakipumui, hakikui. Nje ya seli kinakaa kama vumbi. Kikiingia ndani ya seli, kinailazimisha iache kazi yake itengeneze virusi vingine, mpaka seli inaharibika na vile vipya vinatoka kutafuta seli nyingine. Alisema ni kama mgeni aliyekuja bila sufuria wala kuni, akaingia jikoni na kukuamuru upike.

Mwaitu Kavata aliuliza kama unga pia ni wa mwenye jiko.

Mwalimu alijibu, "Unga wako, kuni zako, mkono wako."

"Wacha! Huyo namjua," alisema Mwaitu Kavata. Wanachama walicheka. Bw. Naibu hakucheka.

Jabiri aliuliza, kama kirusi si kiumbe hai, dawa inaua nini? Mwalimu alisema hilo ni swali la chuo kikuu, na hata huko wanabishana. Ila ajue kwamba penisilini inaua bakteria, kirusi hakiisikii. Kinachofaa ni chanjo, ambayo huuonyesha mwili adui aliyedhoofishwa ili akija mwenyewe aukute mwili umejifunza.

Mwaitu Kavata aliuliza, na kuku aliyeugua akapona? Mwalimu alisema huyo naye amejifunza, na ugonjwa uleule haumrudii kwa urahisi. Mwaitu Kavata alisema, "Haya," akahesabu vidole vitatu.

KUMB. NA. 3/9/79: KUKU WA KANYANGI

Muthoki alitoa taarifa ya alichokiona. Bi. Esha, shangazi yake Jabiri, kuku wake walisifiwa na Mwaitu Kavata kutoka barabarani, tena kwa sauti kubwa kuliko wa Bw. Naibu. Bi. Esha alisema "Mashallah" akaendelea kufua. Wazee walipomleta Mwaitu Kavata awatemee, Bi. Esha alifunga lango, akawaambia kuku wake anawaombea mwenyewe. Kuku hao wanataga mpaka leo. Muthoki alisema jicho ni lilelile na mdomo ni uleule. Tofauti ni kwamba miguu haikuingia.

Mwalimu alieleza kwamba kideri, huo ugonjwa unaopinda kuku shingo, ni wa kirusi, na kirusi hicho hutoka kwa mavi na makamasi ya kuku mgonjwa, kikashika viatu, vikapu na mikono. Aliuliza jinsi kutema kunavyofanywa. Mwaitu Kavata alisema anachota mtama kwenye chombo cha kuku, anautemea, anaurudisha kwa mkono uleule, halafu wazee wanamwambia twende boma lingine.

Mwaitu Kavata aliinama akaangalia akala zake za tairi.

"Kwa hivyo ni mimi niliyewaua?"

Mwalimu alisema, "Hapana, mama. Ulipelekwa."

Mwaitu Kavata alilia. Katibu anaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na anaongeza kwamba alisikia hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi, kama inavyoonekana.

KUMB. NA. 4/9/79: MAONI YA BW. NAIBU

Bw. Naibu alisimama akauliza: kirusi hamjakiona, jicho baya hamjaliona, mmebadilisha nini? Mwalimu alikubali kwamba hadubini ya shule haiwezi kuonyesha kirusi. Hata seli ya kitunguu inaonyesha kwa shida.

Muthoki alijibu kwamba lango halizuii jicho, lakini limezuia ugonjwa. Bw. Naibu alisema msichana huyu ana mdomo.

Jabiri aliomba nafasi, akauliza yule jogoo mwekundu, wa kwanza kufa kwa Bw. Naibu, alitoka wapi. Bw. Naibu alisema haulizwi na watoto. Jabiri alikumbusha kwamba alinunuliwa soko la Kwa Vonza kwa bei ya kutupa. Baba yake, anayeuza kuku hapo, alimwonya Bw. Naibu kwamba jogoo huyo anapiga chafya, na watu hukimbiza kuku sokoni wakiona wameanza kuugua. Bw. Naibu alisema mtoto wa muuza kuku hatamfundisha kazi.

Bw. Naibu aliagiza kwamba silabasi inataka kuchora kirusi na kuandika majina ya sehemu zake, basi. Kwamba ajenda ya kuku ifutwe. Na kwamba chama kimefungwa. Katibu alimjulisha kwamba agizo hilo limeshaandikwa, chini ya ajenda ya kuku, na haviwezi kufutwa kimoja bila kingine. Bw. Naibu alitoka akapiga kengele kabla ya wakati. Hakuna aliyeinuka.

KUMB. NA. 5/9/79: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba kesho alfajiri wanachama wote wasimame kivukoni. Mwaitu Kavata havuki, na mzee anayetaka kuvuka aoshe viatu kwa sabuni kwanza. Kila boma liambiwe kufungia kuku, kuchoma waliokufa, na kutopeleka mgonjwa Kwa Vonza.

Mwenyekiti alitaka kura. Mikono yote iliinuka. Mlezi hana kura, lakini naye aliinua. Alipokumbushwa kwamba anaweza kuhamishwa, alisema barua itamkuta darasani. Katibu aliuhesabu mkono wake.

KUMB. NA. 6/9/79: KUFUNGA

Bw. Naibu alirudi akasimama mlangoni. Mwenyekiti alimwomba Mwaitu Kavata afunge kwa maombi.

Mwaitu Kavata alifuta macho kwa leso, akamshukuru Mungu kwa masomo ya watoto. Akaomba awalinde kuku wote wa Kanyangi, hasa wale watatu wa Bw. Naibu waliougua wakapona. Akawasifu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: mweupe anavyong'aa, wa shingo tupu alivyonona, na wa madoadoa, hakuna mzuri kama yeye toka hapa hadi Mbooni.

Bw. Naibu alisema, "Tema mate, mama."

Mwaitu Kavata alisema, "Amina."

Kikao kilimalizika saa kumi na moja kasorobo.

Zimesomwa na kuthibitishwa tarehe 28 Septemba 1979, nje ya jiko, darasa likiwa limefungwa kwa kufuli. Sahihisho moja: palipoandikwa kuku watatu wa Bw. Naibu, pasomeke watatu na vifaranga. Wa madoadoa ameangua. Habari imeletwa na Jonah, ambaye amepona malaria.

Sahihi: Kiilu, Mwenyekiti
Sahihi: Mbinya, Katibu